Kuwahi Mti si Kuupanda

"Kuwahi mti si kuupanda," Bi Riziki aliwaambia wajukuu zake, waliporudi wakilalamika kwamba dada yao alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kiwanda cha nguo, akakosa kazi kwa kutojua cherehani. Wakamuuliza msemo huo ameutoa wapi. Akawajibu kuwa asili yake ni hii.

Katika shamba moja la mikarafuu huko Pemba, msimamizi Shaame alikuwa na desturi aliyorithi kwa baba yake. Waliotangulia kufika walipanda miti, waliofuata walikaa chini kuchambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vinavyozishika, na waliochelewa zaidi walirudishwa makwao. Hakuna aliyeulizwa anajua nini.

Kombo alikuwa na misimu miwili hana kazi, na mkewe alikaribia kujifungua. Basi aliamka kabla ya jogoo, akawa wa kwanza, akapandishwa mti. Masikini, miti alikuwa akiiogopa tangu kaka yake alipoanguka. Alilikumbatia tawi kama mtoto aliyebebwa mgongoni, na hadi jioni pakacha lake halikufika hata nusu.

Chini alikaa Faki, mpandaji hodari, ila nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mkondo na kila asubuhi ilimbidi asubiri maji yapwe. Kwa vidole vyake vinene, karafuu nyingi alizitupa pamoja na makonyo.

Siku ya tatu asubuhi karafuu zilianza kuchanua mitini, na karafuu iliyochanua haina mnunuzi. Shaame akawaita wote wawili, akawaambia waende zao, hataki wavivu.

Kombo aliona aibu, lakini alimkumbuka mkewe.

"Bwana Shaame, mimi si mvivu. Mti nauogopa. Nimewahi kwa sababu nataka kazi, si kwa sababu najua kupanda. Mama yangu alinilea kwa kuchambua. Nipe jamvi uone."

"Na wewe?" Shaame alimgeukia Faki.

"Mimi nipe mti."

Shaame alinuna, maana kuvunja desturi ya baba si jambo dogo. Kisha akatazama juu, akaona karafuu zinavyofunguka, akawaambia wabadilishane.

Faki alishusha pakacha baada ya pakacha. Kombo alichambua bila kuinua macho, na bado lundo likawashinda yeye na wenzake wote. Kufika adhuhuri Shaame ilimbidi atume mtu akawaite wale aliowarudisha asubuhi. Miongoni mwao alikuwa mama yake Bi Riziki, ambaye tangu msimu uanze alikuwa akifika na kurudishwa.

Tangu siku hiyo Shaame hakuuliza tena nani katangulia. Aliuliza nani anajua nini, na aliyejisifu kwake kwa kuamka mapema alijibiwa: kuwahi mti si kuupanda.