Udongo Kabla ya Moto

Ulikuwapo wakati ambapo visu vyote vya vilima vya Ikombo vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Mhunzi alikuwa mmoja, Mzee Kangero, na juu ya mivukuto yake alikining'iniza kijiti cha mwanzi alichoachiwa na babu yake. Kijiti hicho ndicho kilichokuwa kipimo. Kila mpini ulifuata urefu wake, ukawa mnyoofu kama mchi, na babu huyo, kwa masimulizi ya waliomwona, alikuwa na viganja kama nyungo. Mwenye mkono mdogo alivumilia. Wanawake wote wa Ikombo walikuwa na kovu chini ya kidole cha shahada, na bibi harusi alipojikata kwa mara ya kwanza jikoni kwa mkwewe, wenzake walimcheka: "Haya, kisu kimekusalimia. Kiitikie!"

Nanzia aliacha kuucheka utani huo siku mama yake aliporudi nyumbani na kisu kimeviringishwa kwenye kitambaa. Nakiete, mama yake, alikuwa mkunga wa Ikombo. Mwaka huo alikuwa ameanguka kwenye mteremko wa migombani, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vikapoteza nguvu. Aliendelea na kazi hivyo hivyo. Siku hiyo, akikata kitovu, mpini ulizunguka kiganjani na makali yakampitia mtoto pajani. Mtoto alipona. Lakini Nakiete alikifukia kisu kwenye jivu la jiko, akasema, "Mkono huu haugusi tena mtoto wa mtu."

Naetwe, dada yake Nanzia, alikuwa na mimba ya miezi minne. Uzazi wake wa kwanza ulikuwa mgumu, na ni mama yake aliyemvusha. Mkunga mwingine aliishi ng'ambo ya mto, na mvua za vuli zikishaanza, mto ule haukuvukika. Nanzia alihesabu miezi kwa vidole, akarudia kuhesabu, na mara zote mbili mtoto aliangukia katikati ya mvua.

Akapanda kwa mhunzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta jembe?"

"Nimekuja kuomba kisu cha mkono wa mama."

Kangero aliweka nyundo chini. "Mjukuu wangu, hapa hatumfulii mtu kisu. Tunafua kisu, mtu hukizoea."

"Na asipokizoea?"

"Kovu litamzoeza."

"Basi nifundishe, nimfulie mwenyewe."

Mzee aliitazama mikono yake, akaguna. "Hiyo imezoea kuchambua mchicha. Haya, shika mivukuto. Ukichoka kabla ya chuma, njia ya kwenu unaijua."

Nanzia alichoka siku ya kwanza, lakini hakwenda nyumbani. Miezi miwili alipuliza moto tu. Alijifunza kukitambua chuma kwa rangi yake: kikiwa chekundu kama buni iliyoiva bado ni kigumu, kikiwa na rangi ya ndizi mbivu kinakubali nyundo, na kikianza kurusha cheche nyeupe kimekwisha kuungua. Mwezi wa tatu akapewa nyundo. Alivunja vipande viwili kwa kuvizima majini vikiwa vya moto mno. Kila kimoja kilitoa mlio mdogo, ti, kama kijiti kinachovunjika. Mzee alivirudisha motoni, akamwachia mivukuto. Kila jioni Nanzia aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameketi kizingitini, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga.

Kazi ilipomkubali, alichukua uzi akaupima mkono wa mama yake. Alipima urefu wa kiganja, upana wake, na kila kidole, akiweka fundo kwenye kila kipimo. Kwa wiki tatu alifua, akasugua, akanoa, akachonga mpini wa mzeituni mwitu kwa kufuata mafundo yale. Kangero alikigeuza kisu kwenye mwanga wa mlangoni kwa muda mrefu. "Nimefua tangu sina ndevu," alisema. "Makali haya sijayaona."

Nakiete alikipokea kwa mikono miwili. Alitandaza kitambaa, akaweka juu yake kikonyo kibichi cha boga, laini na chenye maji kama kitovu, akakata. Kisu kilizunguka. Damu ikadondoka kwenye kitambaa.

"Ni kizuri, mwanangu," alisema, akikirudisha. "Mpe mtu mwenye mkono."

Nanzia hakupata usingizi wala chakula. Alizirudia hesabu za mafundo, na hakuna lililokuwa limekosewa hata kwa unene wa ukucha. Mwezi wa mwisho wa Naetwe ulikuwa umeingia, na ukungu ulikuwa umeanza kukaa vileleni hadi adhuhuri.

Siku ya tatu mama yake alikuwa akiziba ufa ukutani kabla ya mvua. Alichota bonge la udongo, akalifinya kulilainisha, akaona lina mawe, akalitupa. Lilianguka karibu na miguu ya Nanzia. Kwenye udongo ule vidole viwili vya mwanzo vilikuwa vimechimba mabonde marefu. Viwili vya mwisho vilikuwa vimegusa tu, kama nyayo za ndege, na upande wa pili kidole gumba kilikuwa kimejikunja kwenda kuvisaidia.

Nanzia aliliokota kwa mikono miwili, asiliharibu. Aliupanda mlima akikimbia.

"Babu, niliupima mkono uliolala! Mkono unaofanya kazi huu hapa."

Kangero aliweka kidole chake kinene kwenye bonde moja la udongo, akakitoa. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu kuliko ya bibi harusi yeyote wa Ikombo, akakishusha kile kijiti cha mwanzi. "Hata mimi kilinishinda," alisema. "Sikuthubutu kusema. Kilikuwa cha babu." Akakitia motoni. Mahali pake akakining'iniza kile kisu kizuri cha kwanza, kisichokuwa na mkono.

Wakafua pamoja. Ubao ulichongwa bonde kwa bonde kwa kufuata udongo, mpana pale ambapo vidole dhaifu vilihitaji kuegemea, na mwembamba pale ambapo gumba lilipita. Mvua ikaanza. Siku ya nne, asubuhi, mpini ukiwa bado haujapakwa mafuta, jirani alipiga kelele kutoka bondeni: uchungu umemshika Naetwe.

Nanzia alimkuta mama yake amesimama nje ya mlango wa Naetwe, mvua ikimlowesha, hathubutu kuingia. Ndani dada yake alikuwa akiita, "Mama! Mama, uko wapi?"

"Mama," Nanzia alisema, "usikitazame. Kishike tu."

Nakiete alifumba macho. Vidole vyake vikaingia kila kimoja mahali pake, kama watoto wanaorudi kulala kila mmoja kwenye mkeka wake. Alikigeuza kisu huku na huku. Hakikuzunguka. Akainama, akaingia ndani. Mtoto aliyezaliwa alikuwa wa kike, na kitovu chake kilikatwa kwa pigo moja.

Nakiete alikata vitovu vya watoto kwa miaka kumi na miwili tena. Alipofariki, Nanzia alijaribu kukitumia kile kisu, kikamkataa. Alikata mboga vibaya na kujijeruhi. Akautoa mpini, akauzika kwenye kaburi la mama yake, na chuma akakirudisha motoni. Lakini lile bonge la udongo, lililokauka miaka yote kando ya tanuri, hakuweza kulizika. Aliketi nalo mapajani, akaingiza vidole vyake kwenye mabonde, mahali ambapo vidole vya mama yake vilikuwa. Alikaa hivyo hadi moto ukazimika.

Na tangu siku hiyo, mhunzi wa Ikombo hawashi moto kabla hujafinya udongo mbele yake na kumwambia utakata nini. Tangu siku hiyo kisu hakiazimwi wala hakirithiwi pale, na juu ya mivukuto ya kila mhunzi huning'inia kisu kimoja kizuri kisichouzwa, kiitwacho Mkono Uliolala. Na mtu anapofariki, kabla ya matanga kuvunjwa, mhunzi hushuka mwenyewe na bonge la udongo la marehemu, akawapa wafiwa. Hulipokea, na mmoja baada ya mwingine, hulishika.