Tope la Baba Mkwe

Mmecheka mwenzenu Lugano aliposema, "Mkwe hatazamwi, tope lake hutazamwa." Mnacheka msichokijua, wajukuu zangu. Tulieni niwaambie methali hiyo ilivyoanza, maana mwanamke aliyeileta nilikuwa nikichota naye maji.

Kwetu, mke hamtazami baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, anajifunika kanga na kuingia majanini mpaka mzee apite. Uani kwake haingii, shambani kwake hakanyagi. Nyinyi mnaona kichekesho. Sisi tuliishi hivyo na ndoa zikadumu.

Basi mwaka mmoja ziwa letu la bondeni likaharibika. Maji ya kunywa yakawa mekundu, mazalia ya perege yakafukiwa, watoto wakaharisha. Tukajitolea, wanawake kwa wanaume, kufuata kila kijito kinachoingia ziwani tuone tope linaanzia wapi. Kila kijito tukampa mtu anayekaa kandokando yake, eti ndiye anayekijua. Werevu wetu huo! Hatukufikiri kwamba anayekijua kijito ndiye pia anayewaogopa walioko juu yake.

Atupele, huyo niliyekuwa nikichota naye maji, akapanda na kijito cha kwao, maji yakiwa machafu njia nzima. Akapita bustani ya maharage ya Bi Subilaga, mjane asiye na mtu, akafika kwenye ua wa shamba la viazi la Mzee Mwaipaja, baba mkwe wake. Tope lilikuwa likitoka chini ya ua. Akageuka, akarudi.

Alipoulizwa mkutanoni, akajibu kwamba bustani ya mwisho aliyoipita ni ya mjane. Hakusema uongo, ila ukweli nusu humuumiza asiyehusika. Ikaamuliwa maharage yale yang'olewe.

Siku hiyo tulikwenda na majembe, na nilijisikia vibaya tangu nyumbani. Bi Subilaga hakulia wala hakugomba. Aliinama akaanza kung'oa mwenyewe. "Niachieni," alisema, "nyinyi mtayaumiza."

Atupele hakustahimili. Alitupa jembe, akapanda mbio mpaka kwenye ua, nasi nyuma yake. Ng'ambo tulimsikia mzee akilima. Atupele akajitanda kanga hadi usoni, akaupa ua mgongo, akapaza sauti:

"Baba, sikutazami, wala sitakutazama. Lakini tope linalopita miguuni pangu nalitazama. Linatoka kwako, na Bi Subilaga anang'oa maharage yake kwa ajili ya tope hilo."

Jembe la mzee likanyamaza. Ambakisye, mume wa Atupele, alikuwa nasi. Akamnong'oneza, "Mke wangu, umetuvua nguo mbele za watu."

"Mimi nimejifunika," akajibu. "Anayevuliwa ni yule mama kule chini."

Nakwambieni ukweli, niliogopa ndoa ile inaishia pale pale. Kisha mzee akaita, "Ambakisye! Mwambie mkeo nimesikia. Wewe na wenzako ingieni na majembe yenu. Na mmoja akimbie akamzuie huyo mama asing'oe zaidi."

Tuliingia. Matuta ya viazi yalishuka na mteremko moja kwa moja hadi kijitoni, na matete ya ukingoni yalikuwa yamefyekwa yote. Kila mvua ilibeba udongo kama inatumwa. Mzee hakujitetea. "Niliongeza matuta," alisema tu. "Nilitaka viazi vingi." Tukayavunja matuta, tukayapanga upya yakate mteremko, na matete yakapandwa tena. Mzee mwenyewe alimpelekea Bi Subilaga mbegu za maharage, akazifukia kwa mkono wake.

Maji hayakusafika kesho yake, yalichukua misimu. Na Atupele hakuwahi kumwona mzee uso mpaka siku alipozikwa. Aliendelea kuingia majanini kila aliposikia kikohozi.

Lakini wazee wa ukoo walipoketi na kutaka kumfichia mwenzao kosa kwa ajili ya heshima, Mzee Mwaipaja ndiye aliyekuwa akiwakatiza. Aliwaambia, "Nilisemwa na mke wa mwanangu, nami nilidhani ni tusi. Ilikuwa heshima. Mkwe hatazamwi, tope lake hutazamwa."