Deki ya Kondo Baharia

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Una matundu, rangi imefifia, na wageni wakija unasukumwa uvunguni. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na ule uliokunjwa kwapani mwa mpita njia hupendeza zaidi kwa sababu si wako. Wahenga walipotuonya juu ya mikeka hii miwili hawakuwahi kuiona televisheni, lakini ungedhani walimjua Mwamvita binti Mwinshehe wa Chang'ombe kabla hajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalifurika bidhaa za Dubai, stesheni za televisheni zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kurusha matangazo jijini, na mwenye televisheni ya rangi aliamkiwa kwa heshima zote. Mwamvita alikuwa mama lishe. Aliwapikia wali na maharage wafanyakazi wa viwandani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko pilipili zake. Aliyemtania vibaya leo, kesho alikwenda kula kwingine.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumlegeza, naye ni kaka yake, Kondo. Kondo alikuwa baharia wa meli za mizigo, na katika safari yake ya mwisho alirudi kutoka Japani na mashine ya gemu, deki ya video, na transfoma ya kupunguzia umeme, maana vitu vya huko haviuwezi umeme wetu. Haukupita muda mrefu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito hata neno moja likamtoka kwa taabu, kama ndoo inayovutwa kutoka kisima kirefu.

Hospitali walisema mkono ufanyishwe kazi kila siku, la sivyo vidole vitajikunja na havitakunjuka tena. Wakampa mpira wa kuminya. Kondo akautupa uvunguni. Alichotaka yeye ni gemu. Kila alasiri alikaa mkekani, padi mkononi, kidole gumba kikihangaika juu ya vitufe, akirusha kindege katikati ya milima ya bluu. Mwanzoni kindege kilianguka palepale. Alianguka nacho mamia ya mara, wala hakuchoka. Hatimaye kidole gumba kikafufuka, vingine vikafuata, na asubuhi moja Kondo akashika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Mwamvita alilia, huku akidai ni moshi wa kuni.

Basi, televisheni yao kuukuu ikaungua. Ilitoa moshi, ikanuka, kwisha habari yake. Alasiri zikapita bila gemu, na kila Mwamvita alipomnawisha kaka yake aliona vidole vinarudi ndani kidogo kidogo. Hofu ilimwingia, hofu ya kweli. Aliwaomba wenzake wa upatu wamsogezee zamu, wakakubali, na jioni moja ikaletwa televisheni mpya, kubwa, nyeusi, ingali na nailoni yake.

Majirani walijaa sebuleni. Miongoni mwao alikuwa Romani, fundi seremala, Mnyamwezi wa Tabora. Naye, kama kila Mnyamwezi, alikuwa mtani wa Wazaramo akina Mwamvita. Desturi ya utani inajulikana. Siku ya furaha mtani anaweza kuingia kwako, akachukua kitu mbele ya macho yako, nawe ukicheka umeshinda, ukinuna umeshindwa. Romani akazunguka sebule mikono nyuma, kisha akaishika ile deki ya Japani.

"Mtani, mwenye kipya haoni uchungu wa kikuukuu. Hii naondoka nayo."

Deki hiyo ilikuwa haichezi kanda tena. Ilizitafuna zote. Waya wa gemu ulipitishwa ndani yake kabla ya kufika kwenye televisheni, na Mwamvita siku zote aliamini kwamba huo ni ubaharia tu wa Kondo, mtu aliyezoea kufunga kamba mafundo saba pale ambapo moja lingetosha.

"Chukua na vumbi lake!" alisema, akijisikia tajiri. "Mie sasa mambo ya Dubai. Makopo kama hayo wapeni Wanyamwezi!"

Watu wakacheka. Kondo akainua mkono wa kushoto. "Mwa... Mwamvita. De... de..."

"Pumzika, kaka. Leo unacheza kwenye kioo kipya."

"De..."

"Nimesikia, kaka."

Wala hakuwa amesikia chochote.

Wageni walipoondoka aliuchomeka waya wa gemu nyuma ya televisheni mpya. Kioo kikajaa chenga tu. Akabonyeza kitufe cha kutafutia stesheni. Stesheni za mjini zikaja, mtangazaji anang'aa mpaka meno yanahesabika, lakini milima ya bluu haikuja. Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma. Kesho yake akamwita fundi wa televisheni, kijana mwenye bisibisi nyingi na subira kidogo.

"Mama, hii mashine imekufa. Tupa. Siku hizi watu wananunua mpya."

Kondo aliweka padi chini taratibu, akageukia ukutani. Mwamvita akautazama mkono uliolala juu ya shuka, vidole vimejikunja. Televisheni aliinunua kwa ajili ya mkono ule, na sasa mkono unakwenda huku televisheni inamwangalia. Roho ilimuuma sana.

Lakini mashine hakuitupa, na hapo ndipo alipostahili sifa. Kesho yake hakuwasha jiko. Wateja wakakuta kibanda kimefungwa, wakastaajabu, maana Mwamvita hakuwahi kufunga hata kwa malaria. Alikaa mkekani karibu na kaka yake.

"Shikamoo, kaka. Juzi ulikuwa unasema nami nikakukatiza. Nisamehe. Sasa sema. Leo sina haraka, hata tukifika magharibi."

Kondo akaanza. Neno likatoka nusu, likarudi, likatoka tena. Mara kadhaa Mwamvita alitaka kumalizia mwenyewe, akauuma ulimi. Kwa mwanamke yule, kunyamaza kulikuwa kazi nzito kuliko kusonga ugali wa kiwanda kizima.

"Gemu... inarusha... njia ya Kijapani," alisema Kondo. "Hii ya Dubai... haiijui... njia hiyo. Deki... inaijua. Inapokea... halafu... inamkabidhi mwenzie."

Mwamvita akajipiga kofi la paji la uso. "Mkalimani! Kumbe siku zote ilikuwa mkalimani wao, nami nimemgawa kwa mdomo wangu mwenyewe! Ee Mola wangu, akili zangu zilikuwa wapi?"

Alivaa kandambili, akaenda karakana kwa Romani huku akiomba kimoyomoyo aikute nzima.

"Mtani, nimekuja kuichukua deki ya kaka."

Romani aliendelea kupiga randa. "Ipi, lile kopo? Si mambo ya Dubai sasa?"

"Usinikoge, Romani. Mkono wa Kondo unakufa."

Randa ikasimama. Romani akafungua kabati alilokuwa analitengeneza, na ndani yake, imefungwa blanketi isiingie unga wa mbao, ilikuwapo deki.

"Jamaa mmoja aliitaka aing'oe vipuri," alisema. "Nikamwambia mali ya mtani haichinjwi. Lakini haitoki bure. Babu zangu walibeba mizigo kichwani toka Tabora mpaka pwani kwenu, na hakuna Mzaramo aliyewahi kutupokea zamu. Leo utabeba wewe. Na ukifika mbele ya kiwanda, utatusifu kwa sauti."

Siku nyingine Romani angepewa maneno ya kumtosha mwaka mzima. Siku hiyo Mwamvita alivua kanga ya juu, akaisokota kata, akaiweka kichwani.

"Nitwike."

Wakatoka. Mbele Mwamvita na deki, nyuma Romani mikono mgongoni kama mwenye msafara. Wafanyakazi walikuwa wametoka kwa chakula cha mchana, na kelele walizopiga zilisikika mpaka barabara kuu. Mwamvita akasimama katikati yao, shingo wima.

"Sikilizeni nyie! Wanyamwezi ni watu! Wana nguvu, wana utu, na wanatunza cha mwenzao! Asiyejua nimemwambia mimi, Mwamvita!"

Vicheko vikageuka vigelegele. Romani, ambaye utani ulikuwa umemwishia, akanyoosha mikono ampokee.

"Basi, mtani. Inatosha."

"Niache. Huu ni mzigo wa kaka yangu."

Nyumbani, Kondo alielekeza kwa kidole cha kushoto. Waya wa gemu ukaingia nyuma ya deki. Kutoka kwenye deki, nyaya mbili, ya njano na nyeupe, zikaingia mbele ya televisheni mpya. Transfoma ikaanza kunguruma. Mwamvita akabonyeza vitufe vya deki kimoja kimoja. Chenga. Chenga tena. Halafu, ghafla, milima ya bluu ikajaa kioo chote, mizuri kuliko ilivyowahi kuonekana, na kindege chekundu kikiwa tayari kuruka.

Alimwekea kaka yake padi mkononi, akamkunjua kidole gumba, akakilaza juu ya kitufe. Kindege kikapaa, kikaanguka. Kikapaa tena, kikagonga mlima. Mwamvita na Romani walimtazama Kondo, wakingoja auweke mkono chini. Uso wake ukapinda upande, na ikawachukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Tena," alisema, neno zima, bila kukwama.

Kidole gumba kikabonya. Kindege kikavuka mlima wa kwanza. Mwamvita hakusingizia moshi safari hii, alilia waziwazi mbele ya mtani wake. Kisha akakitoa kitambaa cheupe alichokuwa amekifuma kwa ajili ya televisheni mpya, akakitandika juu ya deki.

Romani akakohoa. "Basi mtani, kwa kuwa deki mmeipata, mie nitaondoka na hiyo televisheni."

"Ithubutu!" Mwamvita alifuta macho kwa kanga. "Humu ndani hakitoki kitu tena kabla kaka hajamaliza kusema. Kipya kimeniletea picha, lakini kikuukuu ndicho kilichonirudishia mkono wa ndugu yangu. Walisema kweli waliosema: usiache mbachao kwa msala upitao."