Mlango wa Fundi Mbaruku

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mmemsikia shangazi yenu akiwatupia maneno hayo wauza makabati, mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza yametoka wapi. Sogeeni. Nilivyosimuliwa mimi, yalianzia jikoni.

Zamani, nyuma ya Pangani, kulikuwa na kijiji ambako ukungu wa mto ulipanda kila asubuhi ukafunika migomba, hata watu wakasalimiana kabla ya kuonana. Hapo aliishi Bi Mwanamkasi, mjane aliyejilisha kwa kuoka mikate ya mofa. Jiko lake la uani lilikuwa limeanguka, na masika yanakaribia. Bila jiko angelala njaa. Akamtoa mbuzi wake wa pekee kuwa ujira, akamwita Fundi Mbaruku amjengee jingine.

Kijiji kile kilikuwa na mila yake: mwenye jengo jipya hachungulii ndani mpaka alipokee. Ni mkosi. Siku ya kupokea husimama nje ya kizingiti, akafukiza ubani na kusema mbele ya watu, "Nimepokea." Neno hilo likishatoka, fundi halaumiwi tena.

Fundi Mbaruku aliijua vyema mila hiyo, akamalizia nguvu zake zote mlangoni. Akauchonga maua na majani yaliyofumana, akaupaka mafuta ya nazi mpaka ukang'aa. Bi Mwanamkasi akawa anatandika mkeka uani kuutazama tu. Ukungu ulipopita, yale maua yalionekana kama yanaelea, naye akajiona yumo ndani, moto unawaka, mikate inaiva, marehemu mumewe anaomba kipande kabla hakijapoa. Maskini, aliupenda mlango akalisahau jengo. Siku ya kupokea akasema "Nimepokea" huku machozi yakimlengalenga. Nani wa kumlaumu? Hata mimi ningesema.

Alipowasha moto, moshi haukuwa na pa kutokea. Udongo wa kuta haukuwa umekandwa ukaiva. Mvua ya kwanza iliponyesha, ukuta wa nyuma ukaanza kumomonyoka na makuti yakavuja juu ya unga. Akamwendea fundi, naye hakujisumbua hata kusimama.

"Bi mkubwa, ulipokea mwenyewe, mbele ya watu. Sasa wanitakiani?"

Akarudi nyumbani analia kwa hasira. Kesho yake akapika wali wa nazi, akawaomba wazee waje kuwasuluhisha. Wakakusanyika uani, manyunyu yakianguka, Fundi Mbaruku kati yao na kanzu yake safi.

"Wazee wangu," akasema fundi, akiupapasa mlango, "itazameni kazi. Mwenye mkono huu ndiye wa kuitwa mlaghai?"

Wazee wakautazama, wakanong'ona, "Mashallah." Bi Mwanamkasi akaona shauri linamponyoka.

"Mlango ni mzuri, fundi, sikatai," akasema. "Lakini nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Chakula nimekitenga humo."

"Tule hapa hapa uani, Bi mkubwa. Pana hewa."

"Mgeni wangu hali mvuani, baba. Karibu."

Fundi akatazama huku na huku. Kukataa chakula cha mtu mbele ya wazee lilikuwa tusi. Akaufungua mlango, akaingia, wazee nyuma yake, na moshi ukawapokea. Wakakaa wakimega matonge kwa kupapasa, kana kwamba wamo ndotoni, matone yakidondoka kwenye sinia. Kisha bonge la udongo likabanduka ukutani, likatua katikati ya wali.

Mzee mmoja akajifuta machozi ya moshi, akauliza taratibu, "Fundi, mama yako ungemweka aoke humu?"

Fundi Mbaruku akalirudisha tonge lake kwenye sinia.

"La," akasema. "Nitabomoa, nianze upya."

Akabomoa kweli. Safari hii Bi Mwanamkasi aliingia kila asubuhi, akazibonyeza kuta kwa kiganja, akauliza moshi utapita wapi, na fundi akajibu kwa adabu. Ule mlango ulirudishwa pale pale, maana uzuri haukuwa kosa lake. Mila ya kupokelea kizingitini ikafa yenyewe. Na tangu hapo, kila aliyeitwa kupokea jengo, kabla hajafumbua kinywa, jirani zake humwambia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.