Tone la Gundi

Kwenye baraza ya duka moja la rangi na misumari walikaa mafundi wawili, kila mmoja na kigoda chake. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, aliyetengeneza mikoba na kubadilisha zipu. Hata wajukuu zake walimwita Bibi Zipu. Mwingine alishona viatu, naye aliitwa Mzaha, na jina lilimkaa sawasawa. Angeweza kumwambia mteja kwa uso mkavu kwamba kiatu chake kimefariki na mazishi ni saa kumi, na mteja akaondoka anacheka, amesahau hata kuuliza aje kukichukua lini. Mtu wa namna hiyo hupendwa na wengi. Taabu yake ni kwamba siku akisema kweli, hakuna anayemwamini.

Asubuhi moja mfuga ng'ombe aliacha buti lililobanduka soli, limeganda samadi hadi kwenye mishono. Mzaha alilibamiza chini mara mbili, akalibana katikati ya magoti, akachukua msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Soli ilikuwa kavu kama ubao. Akakaza mkono, msharasi ukapenya ghafla, ukatokeza upande wa pili na kuzama kwenye nyama ya dole gumba la kushoto. Alipouchomoa, damu ilitoka tone moja tu, kisha ikakata.

"Pole," Bibi Zipu alisema bila kuinua macho.

"Nishapoa. Hebu nipe hiyo gundi."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya barazani pale. Kidole kikichomwa, hakuna aliyetafuta maji wala sabuni. Fundi aliweka tone la gundi ya viatu juu ya tundu, akalipuliza likakauka, kazi ikaendelea na ngozi ya mteja haikuchafuka damu. Mzaha alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa bila kudhurika. Na hapo ndipo palipokuwa na mtego, maana bahati ikijirudia sana mtu huidhania kuwa ni ujuzi.

Jioni mkewe alikiona kidole.

"Hiki nacho kimefanya nini?"

"Kimetiwa kiraka."

"Baba watoto, nenda zahanati wakakisafishe, wakuchome na sindano ya pepopunda. Si mbali, ni hapo tu nyuma ya soko."

"Yaani nichomwe sindano kwa sababu nimechomwa sindano? Mke wangu, hiyo ni hesabu gani?"

Mkewe alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka. Maneno yakaishia hapo.

Chini ya lile tone la gundi, hata hivyo, hakukuwa na utani. Msharasi ulikuwa umebeba vumbi la samadi, na ndani ya vumbi hilo mlikuwamo bakteria wa pepopunda, wadogo kiasi kwamba maelfu wangeweza kukaa kwenye ncha yake. Hao hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala udongoni miaka mingi. Jua haliwaui, ukame hauwaui. Kitu kimoja tu huwazuia wasiamke, nacho ni hewa. Tundu la Mzaha lilikuwa jembamba na refu, na juu yake palikuwa na kifuniko kisichopitisha hata pumzi. Mtu angetaka kuwaandalia chumba kwa makusudi asingeweza kufanya vizuri zaidi. Wakaamka, wakazaana, wakaanza kutoa sumu. Wao wenyewe hawakuondoka pale kidoleni. Ni sumu iliyosafiri, ikipanda polepole ndani ya neva za mkono, kuelekea shingoni.

Siku ya tatu gundi ilibanduka yenyewe. Ngozi ilikuwa imefunga, haina usaha wala uvimbe. Mzaha akampelekea mkewe kidole hadi puani.

"Umeona, daktari wangu?"

Siku ya nane, wakati wa chai ya asubuhi, alishindwa kuuma mkate. Taya lilikaza kama bawaba iliyoshika kutu. Akasema ni jino la mwisho linamsumbua, akachovya mkate kwenye chai, akaenda kazini. Siku ya tisa shingo nayo ikakataa kugeuka, na chai ikawa inamrudia puani. Alijilaza kidogo kabla ya kutoka. Mkewe alipoingia chumbani kumwamsha, alimkuta amekodoa macho huku anacheka meno yote nje, nyusi zimepanda juu.

"Haya, saa mbili imepita hii. Inuka."

Mzaha aliendelea kucheka vilevile, bila sauti.

"Sina muda wa michezo leo. Hebu acha kucheka!"

"Siwezi," alisema kwa taabu kupitia meno yaliyobanana.

Mkewe alisogea karibu, na hapo ndipo alipoyatazama macho. Yalikuwa ya mtu aliyejawa na hofu. Kicheko hakikuwa chake. Misuli ya uso ilikuwa imejivuta yenyewe na kukataa kuachia. Alipiga yowe, na sauti ile ikamshtua mumewe mwili mzima, mgongo ukajikunja kuelekea nyuma kama upinde, hadi kitandani pakabaki kisogo na visigino tu. Ilipita nusu dakika kabla hajalegea. Kuanzia hapo mkewe hakuthubutu tena kupaza sauti. Alikimbia nje kuomba gari akiwa amejiziba mdomo kwa kanga.

Hospitalini walimlaza kwenye chumba kilichozibwa mapazia. Mwanga ungeweza kumkakamaza, kadhalika mlango ukibamizwa, kadhalika mkono wa mtu anayempenda. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alikitafuta kidonda kwa muda mrefu akaona kovu dogo kama alama ya kalamu. Ilibidi alipasue upya na kulisafisha.

"Tumempa dawa ya kuzima sumu inayozunguka kwenye damu," alimwambia mkewe ukumbini. "Ila ile iliyokwisha kushika neva hatuna cha kuing'oa. Ni kusubiri neva zijitengeneze zenyewe."

"Kusubiri mpaka lini, daktari?"

"Wiki tatu, nne. Kama kifua kitahimili."

Mama yule akakaa kwenye benchi nje ya mlango, akaugeuza ukumbi mzima kuwa wake. Wenye viatu vya kugonga aliwaomba wavivue. Wenye toroli aliwabembeleza walibebe. Bibi Zipu alipofika, alisimama mbele yake na kunong'ona huku machozi yanamtoka, "Gundi nilimpa mimi."

"Na mimi nilicheka," alijibu mke wa Mzaha. Wakakaa pamoja, kila mmoja na lake moyoni.

Siku ya nne ya kulazwa, mwishoni mwa ukumbi, ndoo ya chuma ilimponyoka mfagizi. Mlio wake haukuwa mkubwa. Lakini ndani ya chumba Mzaha alijikunja vibaya kuliko siku zote, na mkewe, akiwa mlangoni, alisikia kitu kikilia mgongoni mwa mumewe kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kifua kikakaza, hewa haikuingia, midomo ikageuka rangi. Akili yake ilikuwa timamu muda wote. Ugonjwa huu haumfanyii mtu hisani ya kumpotezea fahamu. Madaktari walimwingiza mpira kooni, wakamuunganisha na mashine ya kupumulia, na mkewe akabaki amelala sakafuni, kanga mdomoni, akimwomba Mungu asimchukue.

Hakumchukua. Wiki ya tano mashine iliondolewa, taya likafunguka, akaweza kunywa uji. Lakini picha zilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimepondeka kwa ule mkazo. Daktari hakumficha: kuinamia kiatu kutwa nzima, basi tena.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi aliingia na sindano.

"Hiyo ya nini tena?" aliuliza mkewe kwa hofu.

"Chanjo ya pepopunda, mama. Ugonjwa huu haumwachii mtu kinga. Sumu kidogo sana inaua, na kidogo hiyo haitoshi kuufundisha mwili kujilinda. Akijichoma tena bila chanjo, anaweza kuanza upya."

Muuguzi alipogeuka, Mzaha alikuwa tayari amepandisha mkono wa shati. Sindano iliingia na kutoka kabla mkewe hajamaliza kusema pole. Mzaha akautazama mkono wake.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

Watu wa wodi nzima walingoja aseme neno la kuchekesha. Yeye aliinamisha kichwa kadiri mgongo ulivyomruhusu, akalia mbele ya wote, na mkewe akamshika bega bila kumlaumu. Aliikwepa sindano ya dakika moja, akailipia kwa wiki tano za mateso na kazi ya maisha yake yote; hakika, mdharau mwiba, mguu huota tende.