Sungura wa Mwisho wa Nakiete

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama ya wenye njaa? Sogeeni, moto bado upo.

Hapo zamani za kale, milimani Upare, aliishi mjane aitwaye Nakiete. Alifuga sungura weupe pe, wenye macho mekundu, wasiopatikana mlima mwingine wowote. Homa ikaingia bandani. Ikaua, ikaua, ikaua, akabaki jike mmoja mzee. Nakiete akalia sana, maana mama yake alimkabidhi kizazi hicho akisema, "Kisiishie mikononi mwako."

Yule sungura akamwambia, "Mama, nitafutie mume."

"Dume mweupe nitamtoa wapi?"

"Mlete yeyote. Ila wanangu usiwachinje."

Nakiete akaazima dume wa kijivu kwa jirani yake, Mzee Senkondo. Watoto wakazaliwa: kijivu, kijivu, kijivu! Senkondo akacheka mpaka akakohoa.

"Jirani, weupe umekwisha. Tuwatie chunguni."

"Hawachinjwi," akasema Nakiete.

Sungura mzee akafa. Watoto wakakua, wakazaana wenyewe kwa wenyewe. Uzao wa kwanza, kijivu watupu. Senkondo akaja na kisu. "Tuwatie chunguni."

"Hawachinjwi."

Uzao wa pili, kijivu watupu. "Tuwatie chunguni."

"Hawachinjwi." Lakini safari hii hata yeye alianza kuona anamfugia jirani supu.

Uzao wa tatu, jike wa kijivu alijinyonyoa manyoya ya tumboni akatandika kiota. Asubuhi Nakiete akayafunua kwa kidole. Vitoto vilikuwa uchi, vyeusivyeusi, na katikati yao kimoja cha rangi ya waridi. Hakuthubutu kumwambia mtu. Akangoja siku kumi. Kikaota manyoya, meupe pe! Kikafumbua macho, mekundu!

Nakiete akapiga magoti. Jamani, hata mimi ninayesimulia mwili wanisisimka: baba kijivu, mama kijivu, mtoto mweupe!

"Kumbe ulikuwamo," akanong'ona. "Siku zote hizo ulikuwamo."

Senkondo akaja na kisu chake, akachungulia bandani, akakirudisha kisu alani. Akarudi kwake polepole. Akasimama mbele ya mbuzi wake wa kahawia, wale aliowazoea miaka yote, akawatazama mmoja mmoja kama anayejiuliza ndani yao kumejificha nini, kisha akawavulia kofia.

Hadithi yangu imetua hapo, nami mdomo nimefunga.