Njiwa Aliyebaki Nje ya Safina

Kila asubuhi, kabla ya nyimbo, Mwalimu Sulami aliwapanga watoto wa chekechea uwanjani akiwafunza kusimama imara. Walisimama kwa mguu mmoja kama kuku wa mvua, wakatembea juu ya gogo la mnazi lililolazwa chini, kisha juu ya vifuu vilivyotiwa kamba. Walianguka, wakalia, wakainuka, wakaendelea.

Pesamino, mtoto wa miaka mitano, alikuwa mboni ya jicho la bibi yake, Fuatino, aliyemlea. Siku alipoteleza gogoni akachubuka goti, kilio chake kilifika hadi barabarani. Bibi alikuja mbio, shuka imemlegea kiunoni.

"Mwalimu, unafundisha watoto au wanasarakasi?" alifoka.

"Bibi, goti litapona. Mwache ajaribu tena."

"Wajaribu wa wenzangu! Wangu atakaa kivulini. Mgongo wa kumbeba ninao."

Tangu hapo Pesamino aliwatazama wenzake wakicheza, na njiani alibebwa kwenda na kurudi. Majirani walimtania Fuatino, "Mama, mzigo huo utaota ndevu mgongoni!" Naye alicheka tu, kwani mapenzi yalikuwa yamemfumba macho.

Ikawadia Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani. Chekechea waliigiza safina ya Nuhu, wanyama wakipanda wawili wawili kwenye ubao mwembamba. Pesamino alikuwa njiwa. Bibi alimshonea mabawa kwa mkono wake, tena akamwita mwanawe, baba yake Pesamino, kutoka New Zealand aje amwone mtoto wake. Katika mazoezi Bibi alimshika Pesamino mkono mpaka juu, lakini siku yenyewe watu wazima hawakuruhusiwa kupanda jukwaani.

Nguruwe walipanda. Mbwa walipanda. Vaiola, njiwa mwenzake, akapanda akipunga bawa. Pesamino aliweka mguu, ubao ukanesa, akaganda.

"Panda, mwanangu," baba yake alimhimiza.

"Bibi anibebe!"

Kanisa likaangua kicheko. "Nuhu, mpe na bibi nafasi!" mtu akadakia kutoka nyuma. Mlango wa safina ukafungwa na gharika ikaanza, njiwa mmoja akiwa bado nje.

Ajabu ni kwamba Pesamino hakulia. Alirudi kwa bibi yake, akamwegemea na kuomba maji. Baba yake aliwatazama wote wawili.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilikuachia mtoto mwenye miguu."

Fuatino alijifunika uso kwa viganja, akalia kwa kwikwi mbele ya umati. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.